Kupima Maji si Kuingilia Ghaibu

 

Ndugu msomaji, yako maneno yanayotembea mabarazani mwetu hapa Rahaleo kila kifuku kinapokaribia, nami nimechoka kuyasikia. Husemwa kwamba mvua ni ya Mungu na mto ni wa Mungu, basi mwenye kusimika ubao wa namba ukingoni ili aupime mto anajitia kujua yaliyofichwa. Msemaji akishamaliza huitaja aya ya mwisho ya Suratu Luqman, na kila aliyekaa pale hufunga mdomo. Laiti maneno hayo yangebaki barazani! Lakini hushuka bondeni, yakawafikia jamaa zetu wa Kitaya, Mahurunga na Kilambo, wenye mpunga wao kando ya Ruvuma na watoto wao juu ya dungu, mchana wakifukuza ndege na usiku wakimchunga kiboko asiingie shambani.

Ghaibu ni lile ambalo hakuna jicho lililoliona. Sasa utazame mto wenyewe. Ruvuma huanzia milima ya Matogoro, karibu na Songea, ukashuka kiasi cha kilomita 800 hata kuikuta bahari, na njiani huupokea Lujenda utokao Msumbiji, nao si kijito. Mvua iliyonyesha Songea au Tunduru haifiki mdomoni siku ile ile. Imekwisha kunyesha, imekwisha kuingia mtoni, iko safarini. Mtu aliyeyaona maji kule juu akaleta habari huku chini hakutabiri kitu. Ni kama aliye juu ya mnazi akawaambia walio chini kwamba jahazi linakuja. Je, huyo naye ni mpiga ramli?

Na wewe unayelaumu, Alasiri waijuaje? Si kwa kupima kivuli? Ramadhani waingia vipi, kama si kwa kuhesabu siku za Shaabani na kuutafuta mwezi? Wavuvi wetu wa Msimbati hujua siku za bamvua kwa tarehe za mwezi, na wazee wetu walihesabu miongo toka Nairuzi ili wajue upepo na mvua. Hapana sheikh aliyepata kuwakufurisha kwa hesabu hizo. Imekuwaje hesabu ya baharini iwe elimu, na ya mtoni iwe shirki?

Nakuletea jambo lililotokea Makka yenyewe. Katika mwaka wa 17 wa Hijra, wakati wa ukhalifa wa Sayyidna Umar, mafuriko yaliingia Msikiti Mtukufu, yakaling'oa jiwe la Maqamu Ibrahim na kulichukua hata upande wa chini wa mji. Wanahistoria wa Makka wanasimulia kwamba Umar alitoka Madina kwa haraka, akauliza ni nani ajuaye mahali pake hasa. Akasimama al-Muttalib bin Abi Wadaa, akasema kwamba alikuwa akilihofia jambo hili, na kwa hiyo alikwisha kupima kwa kamba, toka jiwe mpaka kwenye nguzo na mpaka Zamzam, na kamba ameihifadhi nyumbani. Umar akamketisha na kuagiza kamba iletwe. Maqamu yakarudishwa kwa kipimo kile. Kisha Umar akaamuru boma lijengwe upande wa juu wa Makka ili kuyazuia maji. Umar hakumuuliza yule bwana kwa nini alipima kabla ya msiba, wala hakuona kwamba kujenga boma ni kupingana na kadari.

Waislamu wa Misri nao, mwaka 247 Hijria, yaani 861 Miladia, walijengewa na khalifa al-Mutawakkil kipimo cha mto Nili katika kisiwa cha Raudha, Kairo: nguzo ya mawe yenye alama za dhiraa, imesimama ndani ya kisima kinachoingia maji ya mto. Maji yakipungukiwa, watu waliogopa njaa. Yakizidi mno, waliogopa gharika. Mlinzi wa kipimo alisoma alama, na wapiga mbiu wakapita njiani kutangaza mto umepanda kiasi gani. Nguzo hiyo ingalipo mpaka leo. Angalia, msomaji, kwamba palikuwa na nguzo na palikuwa na mbiu.

Hapo kwenye mbiu ndipo ninapowageukia wakubwa. Tunayo Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, na tunayo sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009. Vema. Lakini namba ikiandikwa daftarini asubuhi na jioni, kisha daftari likapelekwa mjini mwisho wa mwezi, imemfaa nani bondeni? Mafuriko hayangoji mwisho wa mwezi. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya maji yatoka ng'ambo, kipimo cha upande wetu peke yake ni jicho moja. Nchi za SADC ziliafikiana mwaka 2000 kupeana habari za mito wanayoshirikiana. Basi habari za Lujenda na zitufikie upesi.

Rufiji walipofurikiwa Aprili 2024, wengine walilitupia lawama bwawa la Julius Nyerere, na serikali ikasema ni wingi wa mvua. Mimi simhukumu mtu. Nasema tu kwamba ugomvi kama huo ungekuwa mfupi kama kila kijiji kingekuwa na vipimo vyake vya kila siku, vimesomwa mbele ya watu wote.

Nasi wananchi tusijitakase. Anayeng'oa chuma cha kipimo akakiuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu ni mwizi, na damu ya jirani yake anaichezea. Na wale waliocheka mwaka 2019! Tulionywa juu ya kimbunga Kenneth, watu wa Mtwara wakahamia palipo salama. Tarehe 25 Aprili kikapiga Msumbiji, sisi tukasalimika. Badala ya kusujudu kwa shukurani, wengine wakawacheka watu wa hali ya hewa kwamba wamesema uongo, hali huko Cabo Delgado majirani zetu walikuwa wakizika maiti.

Hatari iliyo kubwa kwa watu wa mdomoni ni maji ya juu kukutana na bamvua. Mto hukosa pa kutokea, ukapanda mashambani. Mwandamo wa mwezi, na usiku wa 14 na 15, ndizo siku za kukesha, na kalenda yake kila nyumba ya Kiislamu inayo.

Kipaza sauti cha msikiti hutangaza mazishi, hutangaza mkoba uliopotea. Na kitangaze kimo cha maji baada ya Alfajiri na baada ya Magharibi, toka Desemba hata Aprili, kwa Kiswahili na kwa Kimakonde. Imamu apewe namba tatu tu: ya jana, ya leo, na ile ambayo ikifikiwa watoto washuke dunguni na watu wote wahamie juu. Mwanafunzi wa madrasa anayegawa mirathi kwa thumuni na sudusi hashindwi kuusoma ubao ule.