Neno Lipo, Programu Ndiyo Haioni

Siku moja katika maabara ya kompyuta ya chuo chetu hapa Kampala, mwenzangu aliyeketi kando yangu alikuwa akisoma hadithi fupi ya Kiswahili. Akakutana na neno "walipomwandikia". Hakulijua. Akafungua programu ya kamusi iliyomo katika kompyuta, dirisha likatokea, akaanza kuliandika neno hilo kwenye kisanduku cha kutafutia, herufi moja baada ya nyingine. Alipofika "wali", orodha ya pembeni ilimwonyesha wali, yaani mchele uliopikwa. Alipoendelea, orodha ikawa tupu. Alipomaliza neno zima, programu ikamjibu kwamba hakuna kilichopatikana.

Akacheka. "Unaona, ndugu yangu? Nimeuliza habari za barua, nimeandaliwa wali. Lugha gani hii ambayo maneno yake hayamo hata katika kamusi? Mimi nitaomba kubadilisha somo."

Kisa hicho kilimfikia mwalimu wetu mmoja. Yeye naye alitoa hukumu yake: tangu siku hiyo, marufuku kufungua programu za kamusi katika vipindi vya Kiswahili.

Ninaandika insha hii kuwapinga wote wawili. Mmoja ameilaumu lugha, mwingine ameilaumu kompyuta. Hakuna aliyeuliza kompyuta ilifundishwa na nani kutafuta maneno, na ilifundishwa kwa lugha ipi.

Programu ya kamusi haijui lugha yoyote. Inalinganisha herufi tu. Unapoandika herufi ya kwanza, inakwenda kwenye maneno yote yanayoanza na herufi hiyo. Unapoongeza ya pili, inayapunguza, na kuendelea hivyo hadi neno lenyewe libaki. Utaratibu huu unamfaa sana Mwingereza, kwa sababu maneno mengi ya lugha yake hubadilika mwishoni. Akitaka wingi wa kitabu, huongeza herufi moja nyuma ya neno. Hata akiandika neno hilo katika wingi, jicho lake litaliona la umoja palepale katika orodha.

Kiswahili hubadilika mbele. Ukiandika "vitabu", programu itakupeleka kwenye V, na kitabu kiko kwenye K. Ukiandika "meno", jino liko kwenye J. Ukiandika "nyuso", uso uko kwenye U. Jekundu, chekundu, mwekundu na nyekundu huanza kwa herufi nne tofauti, ilhali sifa yenyewe ni moja tu. Na walipomwandikia ni sentensi nzima iliyovaa nguo za neno moja: wa- ni wao, -li- ni wakati uliopita, -po- inatuambia lini, -mw- ni yule aliyeandikiwa, -andik- ndio mzizi, -i- inaonyesha kwamba tendo limefanywa kwa ajili yake, na -a ni kiishio. Mwenye kulitafuta neno hili kwa herufi ya kwanza ni kama mgeni anayemtafuta mwenye nyumba kwa rangi ya shati alilovaa jana.

Jambo linaloniuma ni kwamba mwenzangu ni Muganda kama mimi. Nyumbani kwao husema "baamuwandiikira" bila kufikiri: ba-, -mu-, mzizi, kisha -ir-. Ni mjengo uleule wa Kiswahili, na mzizi wenyewe unafanana. Tumeujua tangu tukiwa mgongoni mwa mama. Lakini tukiketi mbele ya kompyuta tunayasahau maarifa yetu na kungoja mashine itufundishe, nayo haikufundishwa.

Mtu ataniambia kwamba hata kamusi ya karatasi hupanga vitenzi kwa mzizi, kwa hiyo programu haina kosa jipya. Ni kweli. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1981, huweka "andika" chini ya A, na mnyambuliko wake wa kutendea, kutendeka na kutendwa hufuata papo hapo. Lakini kitabu hakimwambii mtu "halipo". Kitabu hunyamaza, nawe unajilaumu mwenyewe, unafungua ukurasa mwingine, na njiani unaokota maneno matano ambayo hukuyatafuta. Programu hutoa jibu kama hakimu, na mwanafunzi huliamini kwa sababu limetoka kwenye kioo kinachong'aa.

Lipo na kosa la pili. Mafaili ya kamusi tuliyowekewa katika maabara yetu ni ya Kiswahili kwa Kiingereza. Hivyo Muganda anayejifunza lugha ya jirani yake hulazimika kupitia London ili afike Mombasa. Tafuta "shangazi" humo: utapata neno la Kiingereza ambalo humhusu dada wa baba na dada wa mama bila kuwatofautisha. Tafuta "mjomba": utapata neno linalomchanganya na ndugu wa baba. Lakini sisi Waganda tunao ssenga, naye ni dada wa baba, ndiye shangazi hasa. Tunaye kojja, naye ni ndugu wa mama, ndiye mjomba hasa. Hata mama mdogo tunamwita maama omuto, neno kwa neno. Lugha mbili zilikuwa zimekwisha kuelewana, akaja mkalimani akazifarakanisha.

Je, basi mwalimu wetu alikuwa na haki ya kupiga marufuku? Hapana. Darasa letu lina wanafunzi 34 na nakala mbili za kamusi ya karatasi, moja ikiwa imepoteza kurasa za mwisho. Programu iliyomo ndani ya kompyuta haihitaji bando, haichakai, na watu kumi wanaweza kuitumia kwa wakati mmoja. Kumnyang'anya mwanafunzi chombo hicho kwa sababu hakijatiwa makali ni kumwambia mkulima alime kwa kucha. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini hawakusema mkulima asilitie jembe lake mpini unaomfaa.

Na mpini unawezekana. Programu huria kama GoldenDict ina sehemu ya kupokea kanuni za maumbo ya maneno. Kanuni hizo huandikwa kwa mtindo wa Hunspell, chombo kilekile kinachokagua tahajia katika LibreOffice na Firefox. Ukiziweka, neno lililovaa viambishi linaweza kurudishwa kwenye umbo lake la msingi kabla ya kutafutwa. Hunspell ilibuniwa kwa ajili ya Kihungari, lugha ambayo maneno yake hubeba viambishi vingi kupindukia. Wahungari walipoona chombo cha Kiingereza hakiwatoshi, hawakubadilisha somo, wala hawakupiga marufuku kompyuta. Waliketi wakaandika kanuni za lugha yao. Mimi nilifungua sehemu hiyo katika kompyuta za maabara yetu, nikaikuta tupu.

Nani ataijaza? Si mtaalamu wa ng'ambo. Yeye hajui kwa nini jicho huwa macho. Sisi tunajua, maana tunatahiniwa kwa hayo kila muhula. Viambishi vya nafsi vinahesabika. Viambishi vya wakati vinahesabika. Ngeli tumezikariri hata usingizini. Tunachokifanya ni kuandika haya yote kwenye karatasi za mtihani, kupewa alama, kisha kuyaacha yakaliwe na mchwa stoo. Kwa nini kazi moja ya muhula isiwe ni kuandika kanuni hizo pamoja na wanafunzi wa kompyuta waliomo katika jengo la pili?

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la nchi yetu liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe katika shule za msingi na sekondari. Watoto hao wanaokuja watakuta kompyuta kabla hawajakuta mwalimu wa kutosha. Tukiwaachia programu inayojibu "halipo" kwa kila neno la pili, watakuwa na hakika, kama mwenzangu, kwamba Kiswahili ni lugha maskini. Wengi katika nchi hii tayari hukiita lugha ya askari na wezi. Tusiwaongezee sababu.

Kwa hiyo nasema hivi. Mwalimu, fungua programu hizo darasani, na kabla ya kumfundisha mwanafunzi kubofya, mfundishe kulivua neno nguo zake. Fundi wa maabara, tuwekee pia kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili, tupate kuisikia lugha ikijieleza yenyewe. Nasi wanafunzi, tuziandike kanuni.

Siku ile kabla hatujaondoka maabarani, nilimwomba mwenzangu afute herufi zote na aandike "andika" peke yake. Neno likatokea mara moja, na uzao wake wote nyuma yake. Akalitazama kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiluganda, "Kumbe ni okuwandiika." Hadi leo hajabadilisha somo.