Tanzia si Tangazo la Msiba

Ndugu zangu washairi na wapenzi wa lugha, niwieni radhi mapema. Leo naja na lawama, na mimi mwenyewe nimo ndani yake.

Hivi karibuni nilipanda basi Korogwe kwenda Handeni kumjulia hali dada yangu. Binti yake yuko kidato cha nne. Jioni akaniletea daftari la fasihi nimsaidie. Kurasa tatu zilijaa istilahi za tamthilia, kila moja na maana yake ya mstari mmoja: ploti, mhusika, maleba, mandhari, ramsa, melodrama, tanzia. Nikaishika hiyo ya mwisho.

"Tanzia ni nini, mwanangu?"

"Ni mchezo wa kuigiza unaoishia kwa huzuni au kifo, mjomba."

"Nani kasema lazima mtu afe?"

Akanitazama kama aliyeulizwa jina lake. "Si hata redioni, mjomba? Wakisema tanzia, ujue kuna msiba."

Nilikosa jibu la haraka, maana mtoto alikuwa na mantiki kuliko daftari lake. Tumelichukua neno la matangazo ya vifo tukalipa kazi ya sanaa, kisha tukasahau kumwambia mwanafunzi kwamba kazi imebadilika. Kwa kipimo chake, *Kilio Chetu* ni tanzia, ajali ya barabarani ni tanzia, na mazishi ya jirani ni tanzia.

Huko Ugiriki fani hii ilikozaliwa, kipimo hicho hakisimami. *Philoctetes* ya Sophocles, iliyochezwa mwaka 409 kabla ya Kristo, imehesabiwa siku zote miongoni mwa tanzia, na shujaa wake hafi. Anaondoka kisiwani kwenda kuponywa jeraha lake. Aristotle, alipoieleza tanzia, alitazama tendo zito linaloamsha huruma na hofu. Hakuhesabu maiti.

Sasa lawama yenyewe. Sisi tunaojiita walinzi wa lugha tumefanya nini? Tumegombana. Tuandike tamthilia au tamthiliya? Tuseme tanzia au trajedia? Ramsa na futuhi zinatofautianaje? Nimeshiriki mabishano hayo kwa hamasa, na sikumbuki hata siku moja tulipoulizana kama mwanafunzi wa Handeni amewahi kuona mchezo ukichezwa.

Tujitazame katika ushairi. Nani kati yetu alijifunza mizani kwa kukariri maana yake? Tulihesabu kwa vidole, tukakosea, mzee akatukamata kwamba ukwapi umepungua silabi moja, tukaona haya, tukarekebisha. Kina, kituo, utao, kibwagizo: yote hayo ni majina ya vitu tulivyokwisha kuvigusa kwa mikono. Istilahi za tamthilia tunazitoa kwa watoto kama majina ya samaki kwa mtu asiyewahi kuona bahari. Ndiyo maana wanachanganya mhusika na mwigizaji. Hawajawahi kumwona mtu mmoja akivua kanga ya mama mkwe na kuvaa kofia ya hakimu.

Nitaambiwa darasa ni kubwa, muda ni mfupi, na mtihani unadai maana. Nakubali yote matatu. Lakini Ebrahim Hussein alipoandika *Ngao ya Jadi*, iliyochapishwa mwaka 1976, alimtegemea msimulizi, yule yule tunayemjua tangu utotoni katika hadithi za usiku. Mtu mmoja, sauti na uwanja. Shule gani haina mtu mmoja na uwanja?

Kesho yake, chini ya mwembe, nilitoa *Kinjeketile* niliyokuwa nayo mkobani, tukaenda moja kwa moja kwenye sehemu za mwisho. Binti akawa Kinjeketile, kaka yake akawa askari wa Kijerumani, kwa ufagio badala ya bunduki. Nikawaeleza yaliyotangulia: mtu huyu aliwapa watu maji ili waungane, neno likamponyoka, vita vikaanza kabla ya wakati alioutaka. Sasa yuko kifungoni, anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo.

Walisoma mara ya kwanza wakicheka. Mara ya pili kaka alimnyooshea ufagio kwa ukali wa kweli, na binti akanyamaza mahali ambapo kitabu hakikuandika kimya. Nikamngoja. Kuku wakapita katikati ya jukwaa letu.

"Mjomba," akasema hatimaye, "akisema ni uongo, waliokufa wamekufa bure. Asiposema, wengine wataendelea kuamini, nao watakufa."

"Na lile neno nani alilileta?"

"Yeye mwenyewe." Akaketi. "Kwa nia njema."

Hapo ndipo ilipo tanzia: mtu mwema aliyebanwa na tendo lake mwenyewe, asiye na mlango wa kutokea ambao hautamgharimu mtu. Sikulazimika kuitamka, aliifikia kwa miguu yake, jasho likimtoka.

Nikamuuliza kama atairekebisha ile maana daftarini. Akafikiri, akafunga kalamu.

"Hapana, mjomba. Mtihani ni Novemba."