Kompyuta ya Baiskeli Yenye Kamera: Tuipime kwa Kipimo Gani?

Kila chombo kipya cha ufundi kinapoletwa sokoni huja na sifa zake zimepigwa chapa kwenye sanduku. Sifa hizo huandikwa na mwenye kuuza. Mwenye kununua, hasa akiwa mwalimu au mwanafunzi wa sayansi, anapaswa kuuliza maswali mengine matatu. Chombo hiki hupima nini hasa? Hukosea kwa kiasi gani? Na je, jibu linalotolewa nacho ndilo jibu tunalolihitaji? Katika makala haya nakusudia kuyatumia maswali hayo kukipima chombo ambacho siku hizi hunadiwa sana kwa waendesha baiskeli: kompyuta ndogo ya usukani iliyounganishwa na kamera ya video.

Nitakipima kwa mahitaji ya mahali maalumu, yaani Natta, wilayani Serengeti, mkoani Mara. Huko baiskeli si mchezo wa siku ya mapumziko. Hubeba mwanafunzi kwenda shuleni, gunia kwenda mashineni, na mgonjwa kwenda zahanati. Njia zake ni za changarawe na vumbi, na jirani ni hifadhi za wanyama, ambako tembo hutoka wakavuka barabara bila kumwomba mtu ruhusa. Barabara ya lami nayo, ambayo kwa miaka hii imekuwa ikijengwa kipande baada ya kipande kutoka Makutano kuelekea Natta na Mugumu, ni neema kubwa, lakini huongeza mwendo wa magari. Gari likiongeza mwendo kutoka kilomita 30 kwa saa hadi 60, nishati mwendo yake haiongezeki mara mbili bali mara nne. Kwa hiyo suala la kumlinda mwendesha baiskeli si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa duniani kwa ajali za barabarani.

Hesabu ya gurudumu

Tuanze na sehemu iliyo nyepesi, nayo ndiyo kompyuta yenyewe. Katika umbo lake la zamani, lililoenea katika miaka ya 1980, chombo hiki hakijui umbali wala mwendo. Hujua kuhesabu tu. Sumaku ndogo hufungwa kwenye spoku, na swichi hufungwa kwenye uma wa mbele. Kila sumaku inapopita mbele ya swichi, chombo huhesabu mzunguko mmoja. Idadi ya mizunguko huzidishwa kwa mzingo wa gurudumu, na huo ndio umbali. Umbali ukigawanywa kwa muda, mwendo hupatikana.

Ni dhahiri basi kwamba ukweli wa jibu hutegemea namba ya mzingo aliyoiingiza mtumiaji. Baiskeli kubwa ya inchi 28 inayojulikana sana vijijini kwetu ina mzingo wa mita 2.24 hivi. Baiskeli ya mashindano yenye mpira mwembamba ina mzingo wa mita 2.10 hivi. Mwanafunzi akifunga kwenye baiskeli yake chombo kilichopangwa kwa ajili ya baiskeli ya mashindano, safari ya kilomita 16 itasomeka kuwa kilomita 15. Hakuna taa itakayowaka kumwonya. Tarakimu zitaonekana safi kabisa, pengine hata na desimali mbili, na zote zitakuwa na kosa la asilimia 6.

Mzigo nao una neno lake. Ikiwa uzito unaukandamiza mpira hata umbali kati ya ekseli na ardhi ukapungua milimita 5, mzingo wa kweli hupungua sentimita 3 hivi, yaani zaidi kidogo ya asilimia moja. Dawa yake ni rahisi: tia alama ya chaki kwenye mpira na nyingine chini, panda baiskeli ukiwa na mzigo wako wa kawaida, isukumwe mpaka gurudumu lizunguke mara 10, kisha pima umbali kwa utepe na ugawanye kwa 10. Mwanafunzi aliyefanya zoezi hilo amejifunza jambo ambalo hataliona kwenye sanduku lolote: chombo hakiaminiwi mpaka kimelinganishwa na kipimo kinachojulikana.

Baiskeli inayopanda kilima imesimama

Kompyuta za siku hizi hupokea pia mawimbi ya setilaiti zinazozunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,000 hivi. Katika mbuga iliyo wazi kama ya Serengeti mawimbi hayo hupatikana vizuri, na kosa la mahali huwa la mita chache tu. Lakini vyombo vingi hupima mwinuko kwa njia nyingine, yaani kwa kanieneo ya hewa. Ukipanda, kanieneo hupungua. Katika mwinuko kama wa Natta, upungufu wa milibari moja ni sawa na kupanda mita 10 hivi.

Hapa tabia ya hewa ya nchi za joto inatuingiza katika mtego. Karibu na ikweta, kanieneo hupanda na kushuka mara mbili kila siku kwa utaratibu unaokaribia wa saa: hufika kilele saa nne asubuhi hivi, kisha hushuka mpaka saa kumi jioni. Tofauti hiyo ni ya milibari 3 hivi. Mwalimu akiegemeza baiskeli ukutani asubuhi na kuisoma tena jioni, aweza kukuta kwamba imepanda mita 30 bila kusogea. Chombo kimepima kanieneo kwa uaminifu kabisa. Kosa liko katika kuifasiri kanieneo kuwa mwinuko, kana kwamba hali ya hewa haibadiliki. Mtengenezaji aliye katika nchi ya baridi aweza kuliona jambo hili dogo, kwa kuwa kwao mabadiliko hayo ya kila siku ni hafifu zaidi. Kwetu ni somo zuri la jiografia lisilohitaji gharama.

Jicho la kamera

Sasa tufike kwenye kamera, ambayo ndiyo sababu ya bei kubwa. Kamera ya namna hii kwa kawaida huchukua picha 30 kila sekunde. Ikiandika megabiti 16 kwa sekunde, saa moja ya safari hujaza gigabaiti 7.2, na kadi ya gigabaiti 64 hujaa kabla ya saa 9 kutimia. Baada ya hapo picha za kale hufutwa ili mpya zipate nafasi. Umeme nao huliwa upesi, kwani kupiga na kuhifadhi picha bila kukoma ni kazi kubwa kuliko kuhesabu mizunguko. Mahali ambapo betri hutegemea jua au duka la kuchajia simu, hilo si jambo la kupuuzwa.

Lipo pia suala la ubora wa ushahidi. Lenzi ya kamera hizi ni pana ili ione barabara yote, na lenzi pana hufanya vitu vionekane vidogo na vya mbali kuliko vilivyo. Lori lililompita mwanafunzi kwa urefu wa mkono laweza kuonekana katika picha kana kwamba lilimwachia nafasi ya kutosha. Tena kamera nyingi husoma picha mstari baada ya mstari. Usukani ukitetemeka juu ya mawimbi ya changarawe, nguzo iliyonyooka huonekana imepinda, na tarakimu za namba ya gari huvurugika. Ongeza vumbi linaloachwa nyuma na gari, na kamera iliyo usukanini, ambayo huliona gari likishapita, aghalabu itahifadhi picha ya wingu jekundu.

Shahidi si mlinzi

Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliwaona waendesha baiskeli wengi waliofunga kamera, nao walinieleza kwamba madereva huwaheshimu zaidi. Sitaki kuidharau hoja hiyo. Mzazi ambaye mtoto wake amegongwa na gari likakimbia ana haki ya kutamani kwamba kungekuwa na jicho lililoona. Na mahakama zetu hazikulifumbia macho jambo hili, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua ushahidi wa kielektroniki na kutaka uaminifu wa utunzaji wake uangaliwe.

Lakini yafaa tutazame kwa nini kamera hizo zina nguvu huko ziliko na nguvu. Mwaka 2016 polisi wa Wales Kaskazini, nchini Uingereza, walianzisha mpango maalumu wa kupokea picha za video za makosa ya barabarani kutoka kwa wananchi. Uliposambaa mpango huo, kamera ya baiskeli ilipata thamani kwa sababu nyuma yake palikuwa na ofisi ya kuipokea picha, mtu wa kuitazama na utaratibu wa kumwita dereva. Kifaa pasipo utaratibu huo ni shahidi asiye na baraza la kumsikiliza.

Tena shahidi husema baada ya tukio. Mlinzi ndiye huonya kabla. Wapo watengenezaji walioitambua tofauti hii. Mwaka 2022 kampuni ya Garmin ilitoa taa ya nyuma yenye kamera pamoja na rada, ambayo kwa maelezo yao hutambua gari likiwa umbali wa hadi mita 140. Tuifanyie hesabu. Gari likija kwa kilomita 80 kwa saa, na baiskeli ikienda 17, gari huikaribia kwa kilomita 63 kwa saa, yaani mita 17.5 kwa sekunde. Mwendeshaji anapata sekunde 8 za kujiweka kando. Hizo ni sekunde za uhai, na kamera peke yake haizitoi. Hata hivyo, kioo kidogo cha pembeni hutoa sehemu kubwa ya faida hiyo hiyo wakati wa mchana, bila betri.

Maoni yangu

Kwa hayo yote, nashauri kwamba shule au mzazi wa Natta mwenye fedha kidogo asianze na kamera. Aanze na breki zinazoshika, kiakisi mwanga cha nyuma, kengele, kioo, na taa ya dainamo, ambayo kwa wati 3 tu za miguu ya mwendeshaji humwezesha kuonekana gizani. Baada ya hapo kihesabu gurudumu cha bei nafuu kitawafaa sana wanafunzi wa fizikia na hisabati.

Ikiwa shule itapata kompyuta yenye kamera, basi iwe mali ya maabara, na itumiwe kwa kazi ambayo kamera huiweza kweli: kupima muda. Wekeni mawe mawili meupe kando ya barabara kwa umbali wa mita 20. Simamisheni baiskeli mahali salama, mbali na njia, kamera ikitazama mawe yote mawili kutoka ubavuni. Gari likipita, hesabuni picha tangu jiwe la kwanza hadi la pili. Zikiwa picha 36, muda ni sekunde 1.2, na mwendo ni kilomita 60 kwa saa. Mkikosea picha moja, kosa ni asilimia 3 tu. Kwa kuwa mwendo unaoruhusiwa katika maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, darasa litakuwa limepata habari yenye maana kwa kijiji kizima.

Picha hizo zitunzwe kwa adabu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, hairuhusu taarifa za watu kukusanywa na kutumiwa ovyo, na sura ya mpita njia ni taarifa yake. Hesabuni mwendo, andikeni jedwali, kisha futeni picha.

Jedwali la magari mia moja, lenye saa na mwendo wa kila moja, likipelekwa na mwalimu mkuu kwenye serikali ya kijiji na kwa wenye dhamana ya barabara, laweza kuleta tuta au alama mbele ya shule. Tuta hilo litamlinda kila mtoto apitaye hapo, aliye na baiskeli na asiye nayo. Kamera iliyofungwa kwenye usukani wa mtoto mmoja haiwezi kufanya kazi hiyo.