Gato na Chupa

Katika mitaa yetu ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi desturi moja imeota mizizi. Siku ya ndoa, ya ubatizo au ya Komunyo ya kwanza, gato inakatwa, na mara kila mgeni anawekewa chupa: watoto sukre, wakubwa bia. Asiyefanya hivi anaitwa mchoyo. Sisi twasema wazi: desturi hii haifai. Sababu zetu ni tatu.

Kwanza, inapingana na ulimi wenyewe. Gato ni unga, mayai, siagi na sukari nyingi. Ukiisindikiza na sukre, utamu unafunika utamu, wala mtu hajui tena anakula nini. Bia nayo inajaza tumbo povu, na gato inabaki kwenye sahani.

Pili, inapingana na mwili. Chupa ya Coca-Cola ya sentilita 33 ina sukari gramu 35 hivi, ndiyo vijiko saba. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilisema ingefaa mtu mzima asipite gramu 25 hivi kwa siku nzima. Basi mtoto wa Komunyo amepita kipimo kabla hajagusa gato! Na mzee mwenye ugonjwa wa sukari, je, tunamkaribisha au tunamdhuru?

Tatu, inapingana na upendo. Baba anakopa ili alipe kasiye za bia. Mwezi unaofuata watoto wake wanarudishwa nyumbani kwa kukosa feza ya masomo. Hiyo ni furaha gani?

Wengine watajibu: «Hata Bwana Yesu aligeuza maji kuwa divai huko Kana.» Kweli. Lakini someni vema Yohane, sura ya 2. Divai ilikuwa imewaishia wenye arusi, naye akawaondolea aibu. Hakuwatwika deni.

Basi tuwape wageni nini? Kivu yetu inatoa kahawa ya arabika na majani ya chai. Kahawa nyeusi, au chai isiyotiwa sukari: uchungu wake unaosha ulimi, na kipande cha pili kinakuwa kitamu kama cha kwanza. Watoto wapewe munkoyo, uji wa mahindi uliopozwa na kutiwa mizizi iliyopondwa. Mizizi hiyo inaleta utamu mdogo pasipo sukari ya duka. Lakini inywewe mapema, maana ikikaa inageuka pombe. Na maji safi, yaliyochemshwa, yasikosekane mezani.

Ninyi wazazi, anzeni. Jirani akiwacheka, mjibuni: «Wageni wetu wamekula, wamekunywa, wamerudi kwao na amani, wala hatuna deni la mtu.» Ataona aibu yeye, si ninyi.