Habari za Bambu: nani anamlipa mwandishi?

Bambu, kituo cha dhahabu katika wilaya ya Djugu, inatajwa sana kwenye magazeti ya mtandaoni wakaaji wakikimbia mashambulio. Lakini kazi ya kufikisha habari hizo Bunia haina bei inayojulikana.

Ripota ananunua mega, analipa motari, anapiga simu kuhakikisha upande wa pili. Gazeti lisipomlipa, pesa inatoka kwa yule anayeandikwa. Ndiyo “coupage”, desturi inayojulikana Congo nzima: mwenye kuitisha mkutano anagawa bahasha mwishoni.

Ubaya wake si rushwa tu. Mchimbaji wa dhahabu na mama aliyehama hawana bahasha. Kwa hiyo semina ya hotelini Bunia inatangazwa siku ileile, huku malalamiko ya Bambu yakingoja.

Katiba ya 2006, kifungu cha 36, inamuahidi mfanyakazi malipo ya haki yanayotosha yeye na jamaa yake. Sheria mpya ya vyombo vya habari ilitoka Machi 2023. Lakini magazeti haya yanategemea matangazo, na katika Ituri, iliyo chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, vita imebana biashara.

Hata hivyo, mkataba ulioandikwa, bei ya kila habari na kurudisha pesa ya safari havihitaji utajiri. Bila hivyo, mwenye bahasha ndiye atakayechagua habari ambayo wakaaji watasoma.