Kuondoa ndevu kwa leza: usihesabu kikao kimoja

Mwanamke transjenda, yaani aliyeandikwa mvulana alipozaliwa lakini anaishi kama mwanamke, anaweza kubadili nguo kwa siku moja. Ndevu ni shughuli nyingine. Homoni hazimalizi ndevu zilizokwisha kuota. Kwa anayepanda matatu Changamwe au kuvuka feri Likoni kila asubuhi, kivuli cha ndevu chaweza kuamua kama atafika kazini kwa amani au kwa matusi. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa ya WPATH ya 2022 inahesabu kuondoa nywele kuwa tiba. Bima kwa kawaida huiita urembo, na mzigo unaishia mfukoni.

Maoni yetu ni haya: kinachowashinda wengi si bei ya kikao kimoja. Ni kwamba gharama hurudi kila baada ya wiki kadhaa, na njia za kulipa hazijapangwa hivyo.

Piga hesabu ya safari nzima

Nywele haziko zote kwenye hatua moja ya kukua, kwa hivyo leza haizimalizi kwa mkupuo. Huchukua vikao sita, vinane au zaidi, vikiachana wiki nne hadi nane. Hebu tuchukue mfano, si bei ya kliniki yoyote: KSh 6,000 kwa kikao, vikao 8, kila wiki 6. Hiyo ni KSh 48,000. Ukiitazama yote, unakata tamaa. Ukiigawa, ni KSh 1,000 kwa wiki, kama KSh 143 kwa siku. Si pesa kidogo kwa muuza mboga wa Kisauni, lakini inapangika. Ongeza nauli na mafuta ya kukinga jua. Feri kwa miguu ni bure, matatu si bure.

Fungua akiba ya lengo kwenye simu, uifunge hadi tarehe ya kikao. Mkopo wa simu wa siku 30 haufai hapa: tiba ni ya mwaka mzima, na deni la kikao cha kwanza litakula pesa ya kikao cha pili.

Usilipie hasara

Leza hufuata rangi nyeusi, na ngozi yetu nayo ina rangi hiyo. Mashine isiyofaa itaunguza na kuacha madoa, kisha utalipa tena kutibu ngozi. Uliza kama wana Nd:YAG, aina inayofaa zaidi ngozi nyeusi, na waijaribu sehemu ndogo kwanza. Kati ya vikao nyoa kwa wembe tu. Ukizing'oa kwa wax au uzi, leza haitakuta kitu cha kuchoma, na kikao kimekwenda bure. Nywele nyeupe leza haizipati. Hizo huhitaji sindano ya umeme, unywele mmoja mmoja.

Jina nalo lina gharama

Ukituma pesa, anayepokea huona jina la usajili. Anayeishi kama Amina huku laini yake ikisema Hamisi huona afadhali atoe pesa taslimu. Kwa wakala anatoa kitambulisho chenye jina lilelile, analipa ada ya kutoa, kisha anatembea na maelfu mkononi.

Hili si jambo dogo. Audrey Mbugua alilazimika kwenda Mahakama Kuu ili baraza la mitihani, KNEC, libadilishe jina kwenye cheti chake cha KCSE. Akashinda mwaka 2014. Cheti chenye jina lisilolingana na mtu aliyesimama mbele ya mwajiri humfungia kazi, na bila kazi hakuna akiba.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kurekebishiwa taarifa zisizo sahihi. Ukishabadili jina kisheria na kupata kitambulisho kipya, peleka usajili wa laini yako ubadilishwe.

Lakini mzigo wote usiachiwe mteja. Kliniki zikubali malipo ya polepole kwa kozi nzima bila kumtoza zaidi anayelipa kidogo kidogo. Na sisi wa malipo ya simu turuhusu mteja achague jina la kuonekana, huku jina la kisheria likibaki kwenye rekodi zetu. Mtoa huduma anahitaji kujua kwamba pesa imeingia. Historia ya mteja haimhusu.

Na kama kawaida: akiba ni yako, PIN ni siri yako. Usimpe mtu yeyote, hata wa kliniki.