Barua Isiyopelekwa

Msomaji, huenda umepata kumwandikia chifu wa mtaa wenu barua juu ya takataka. Uliandika anwani yako upande wa kulia na anwani yake upande wa kushoto, ukapiga mstari chini ya kichwa, ukamwomba kwa heshima na taadhima aje ajionee mwenyewe hali ilivyo. Mwalimu aliisahihisha kwa kalamu nyekundu, akakupa alama 14 kati ya 20, akaisifu methali uliyoitia mwishoni. Kisha barua ile ilikwenda wapi? Ilikwenda kabatini, na kutoka kabatini ikaenda jikoni kuwashia moto. Chifu hakuiona, na taka zipo pale pale.

Kila muhula barua za namna hii huandikwa katika shule zetu nyingi, na hazimfikii mtu. Mimi nasema wazi kwamba desturi hii ni aibu. Humfundisha kijana kuwa maneno ni mapambo, na kuwa dhiki ya watu ni mada ya mtihani tu. Hoja yangu ni hii: mwanafunzi ajuaye kuandika, akiona ubaya mlangoni pa kwao, ana wajibu wa kuuchunguza, kuuandika na kuupeleka kwa mwenye uwezo wa kuuondoa. Najua wako wengi wasiokubali. Nitawajibu, lakini kwanza nikiri kosa langu mwenyewe, maana asiyejikosoa hana haki ya kukosoa wenzake.

Nilipotoka chuo cha ualimu nilipelekwa kufundisha katika shule iliyo karibu na kijito. Juu ya kijito hicho, mwendo wa dakika kumi kutoka madarasani, palikuwa na machinjio. Damu na uchafu wa matumbo ya ng'ombe vilitiririka majini, na chini yake wanawake na watoto waliteka maji. Nilipita hapo kila asubuhi huku nimeziba pua kwa leso. Mwaka mzima nilipita, na mwaka mzima nilinyamaza. Hata siku moja nikawapa wanafunzi wa Kidato cha Pili kazi ya kumwandikia afisa wa afya barua juu ya uchafu wa mito. Msichana mmoja akainua mkono, akauliza, "Mwalimu, barua hii tutaipeleka lini?" Darasa zima likacheka, nami nikatabasamu. Yeye hakucheka, kwa kuwa nyanya yake alikunywa maji ya kijito kile.

Swali hilo liliniondolea usingizi. Juma lililofuata nikatoka na wanafunzi sita kwenda mtoni, na tukaenda kila Jumamosi kwa muda wa majuma manne. Ripoti yao ya kwanza ilianza hivi: "Watu wote wa kijiji wanakufa kwa maji haya." Nikawauliza, nani amekufa? Nani kati yenu amemwona? Wakanyamaza, kisha wakaufuta mstari ule. Mahali pake wakaandika tarehe na saa, rangi ya maji juu ya machinjio na rangi yake chini, idadi ya ng'ombe waliochinjwa siku hiyo, na idadi ya watu waliowaona wakiteka maji. Wakamwendea mwenye machinjio wakamsikiliza. Alisema kwamba shimo lake la uchafu lilijaa wakati wa masika, na kwamba hakuna aliyewahi kumwamuru achimbe jingine. Maneno yake nayo wakayaandika, bila kuongeza wala kupunguza.

Barua ya kwanza haikujibiwa. Mzee mmoja mwenye cheo alifika shuleni akaniambia kwamba nawafundisha watoto utovu wa adabu. Barua ya pili tuliipeleka kwa mikono yetu, na nakala yetu ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Baada ya siku kadhaa afisa alikuja, akatazama, na mwenye machinjio akaamriwa kuchimba shimo jipya. Nisikudanganye, msomaji. Kijito kile hakikugeuka kuwa chemchemi ya peponi. Chupa na matambara yalizidi kutupwa humo. Lakini damu ilikoma kuingia majini. Kurasa mbili za daftari zilifanya kazi ambayo leso yangu haikuifanya kwa mwaka mzima.

Sasa niwageukie wapinzani wangu. Wa kwanza husema, "Hayo ni mambo ya wakubwa, watoto wayaache." Namwuliza, je, maji machafu huuliza umri wa mnywaji? Madhara mengi huwaangukia watoto kabla ya wazee. Mfano uko Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru wenye wakazi wapatao 3,000. Kuanzia mwaka wa 2007 palikuwa na kiwanda kando ya mtaa huo kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Moshi, vumbi na maji yake viliingia katika makao ya watu. Wataalamu wanajua kwamba mwili wa mtoto mdogo hunyonya madini hayo mara nne au tano zaidi ya mwili wa mtu mzima, na kwamba huharibu ubongo wake. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiasi cha madini ya risasi katika damu kijulikanacho kuwa salama. Mwathiriwa wa kwanza wa jambo hili ni mtoto. Kwa nini awe wa mwisho kulisema?

Mpinzani wa pili husema, "Hakuna atakayesikia." Huyu namrudisha katika historia ya nchi yake. Mwaka wa 1989 ilikusudiwa kujengwa nyumba ya ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, Nairobi. Profesa Wangari Maathai alipopata habari alishika kalamu akaandika barua, moja baada ya nyingine, kwa wakubwa wa serikali na kwa watu wa nje. Alibezwa, hata Bungeni akasemwa vibaya. Mwishowe mpango ule uliachwa, na mwaka wa 2004 mwanamke huyo huyo akatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Leo mtu akijinyosha juu ya majani ya bustani ile mchana wa Jumapili, analalia matunda ya barua zilizopelekwa.

Nako Owino Uhuru hapakunyamaziwa. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda kile, alimwona mwanawe mchanga akiugua, na damu ya mtoto ilipopimwa ikakutwa na madini ya risasi. Yeye na majirani walikusanya ushahidi, wakaandika, wakaandamana, wakaenda mahakamani. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, hukumu hiyo ikatenguliwa katika rufani mwaka wa 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu miaka hiyo uone jinsi haki ilivyokwenda mwendo wa kinyonga. Lakini haikwenda kwa miguu yake yenyewe. Ilibebwa na watu waliotunza karatasi zao.

Mpinzani wa tatu ni mwalimu mwenzangu. Husema, "Kazi hii itawapotezea wanafunzi wakati wa mtihani." Ndugu yangu, hiyo ndiyo masomo yenyewe! Kuhesabu ndoo za maji ni hisabati, kuchora ramani ya mto ni jiografia, na kupanga habari ili zieleweke ndiyo lugha. Mwanafunzi aliyekariri kwamba jua lilichomoza likitoa miale ya dhahabu, naye hawezi kueleza kwa sentensi tatu mahali ambapo bomba limepasuka, hajafundishwa kuandika. Amefundishwa kuimba kama kasuku.

Wa nne ana hoja yenye uzito zaidi, nami namheshimu. Husema kwamba vijana wakipewa ruhusa ya kusema watasengenya, watazua na kuchafua majina ya watu. Ni kweli hatari hiyo ipo, hasa siku hizi ambapo uvumi huruka kutoka simu hadi simu kabla mwenye kusemwa hajaamka. Lakini dawa yake ni kufundisha, wala si kuziba vinywa. Mzushi husema alichosikia. Mchunguzi huandika alichoona, akataja siku na mahali. Mzushi hukimbia asionwe na anayemsema. Mchunguzi humwendea akamsikiliza. Mzushi huongeza chumvi. Mchunguzi akikosea hurudi kusahihisha.

Tena, lazima utenge jambo la mto na jambo la mtu. Ukiona bomba la maji machafu, liandike lilipo. Lakini ukiona dawati la mwenzako limebaki tupu, kwa sababu ameozwa, au amekosa karo, au amepata mimba, usiliandike jina lake mahali ambapo kila jicho litalisoma. Mpelekee habari mwalimu au mzazi unayemwamini, nawe uihifadhi siri ya mwenzako. Ukitaka kuandika juu ya jambo hilo, andika ni madawati mangapi yamebaki matupu na ni sababu zipi zinazotajwa. Kalamu iliyokusudiwa kumtetea mnyonge isigeuke kuwa fimbo ya kumpigia.

Wala usidhani kwamba unaomba fadhila. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, kifungu cha 42, inasema kwamba kila mtu ana haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya. Haikusema kila mtu mzima. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kifungu cha 69 kinaweka juu ya kila mtu wajibu wa kushirikiana katika kuyahifadhi mazingira. Waliosema kwamba wewe ni mdogo mno hawakuisoma vema sheria ya nchi yao.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kijiji nacho huwa hivyo hivyo. Uvundo unaofunikwa leo kwa jina la adabu utafichuliwa kesho na wagonjwa. Adabu ya kweli ni kumwambia mkubwa wako jambo la kweli kwa maneno ya heshima, ukisimama wima, ukiwa na ushahidi mkononi.

Basi, msomaji, ukifunga kitabu hiki nenda ukatazame mahali unapopita kila siku huku umeziba pua. Chukua daftari na mwenzako mmoja. Tazama zaidi ya mara moja, hesabu, uliza, andika. Mwonyeshe mwalimu wako ayasahihishe maneno, kisha umwulize kama yule msichana alivyoniuliza mimi: barua hii tutaipeleka lini? Naye akitabasamu, usicheke pamoja naye. Ngoja jibu.